Jina Chini ya Rangi

Kila nipitapo mahali panapopakwa rangi ya mafuta, hunijia jiko la bibi yangu kule Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe, mwezi wa Juni, wakati baridi inapounguza majani ya viazi na asubuhi nyasi huamka zimevaa barafu nyembamba kama chumvi. Moshi ulikuwapo jikoni humo kila siku, na maharage, na magome ya miwati tuliyochochelea moto, lakini harufu inayotangulia ni ya rangi na tapentaini. Iliingia nyumbani mwetu ndani ya sanduku la bati la baba yangu mdogo, Zakayo, siku aliyorudi kutoka baharini. Alishuka treni Makambako, akapanda basi hadi Njombe, na kutoka stendi alitembea akipumzika, akatembea akipumzika, hata jua likaelekea milimani ndipo tukamwona njiani. Sisi watoto tulimkimbilia tukitarajia mtu mnene, maana kwa mawazo yetu meli ilikuwa mahali pa kula. Tulikuta koti kubwa, na ndani ya koti kikohozi.

Kabla ya bahari alikuwa mwandishi wa mabango Makambako, yeye na rafiki yake Lwidiko. Wawili hao ndio walioandika majina ya maduka, mahoteli na mabasi ya njia panda ile, herufi zenye kivuli pembeni ili zionekane zimesimama. Siku moja Zakayo alikwenda Dar es Salaam kununua rangi, akasikia bandarini kwamba kuna meli kubwa ya abiria inayohitaji watu wa kukwangua kutu na kupaka. Akapanda kwa kazi ya muda mfupi, akabaki miaka. Alirudi likizo mara chache, kila mara na zawadi za ajabu: kijiko chenye nembo, taulo lenye jina la meli. Bibi alizoea kusema kwamba mwanawe ameolewa na chombo. Safari hii hakuja na zawadi. Alikuja na brashi zake tu, zimefungwa kwa kitambaa, na bibi alipoziona brashi zile hakumwuliza likizo inaisha lini, kwa sababu fundi anayerudi na vifaa vyake vyote hana mpango wa kuondoka tena.

Majira yale ya baridi nilikuwa darasani natafuta vitabu vya kusoma na sivipati, basi hadithi ya meli ile ikawa kitabu changu. Aliisimulia jioni, tukipukuchua mahindi, kwa vipande vifupi, akisubiri pumzi katikati ya sentensi. Ilijengwa Ulaya kwa ajili ya matajiri. Ilikuwa na ngazi ya mbao iliyong'arishwa kila asubuhi, ukumbi wa dansi wenye vioo hadi darini, na vijana ambao kazi yao ilikuwa kufungua milango tu. Jina lake la kwanza lilikuwa Aldegonda. Bibi alilijaribu mara kadhaa, akaliacha, akasema hata mama aliyemzaa mtoto huyo hakumwonea huruma. Kisha ndege zikaanza kuvuka bahari kwa siku moja, matajiri wakahamia angani, na wenye meli wakaiuza. Mwenye meli wa pili aliipa jina la kisiwa, akaijaza wahamiaji na mahujaji, kitanda juu ya kitanda. Huyo ndiye aliyemwajiri baba mdogo. Wa tatu akaipa jina la mtakatifu, akang'oa vile vitanda na kujenga vyumba vya watalii. Wa nne akaipa jina la ua, akabomoa tena vyumba vya yule wa tatu, akasema vimepitwa na wakati. Na kila jina lilipobadilika, aliyeteremshwa kwa kamba nyuma ya meli na kopo la rangi mkononi, miguu ikining'inia juu ya maji, alikuwa Zakayo wetu wa Yakobi. Sisi tulisikiliza kwa fahari. Baba pekee, ambaye ni kaka yake mkubwa na alikuwa fundi mwashi, aliuliza swali la kifundi: huko ndani, mlipokuwa mnabomoa, kuta zilikuwa na nini?

Baba mdogo alitazama moto. Alisema ndani ya kuta, na kuzunguka mabomba ya mvuke, mlikuwa na kitu cheupe kama pamba iliyochanganywa na unga. Walikivunja kwa nyundo. Walitoka humo weupe kama vijana wa mashine ya kusaga, wakachekana, wakaoga, kesho wakarudi. Mwenye meli mpya alikuwa na haraka kila mara, kwa sababu abiria wake walikuwa wamekwisha kata tiketi.

"Na wenzako walikuwa wanakohoa?" bibi aliuliza.

"Wengi, mama. Tulidhani ni bahari."

Hospitali ya misheni ilikuwa imempa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, na kifua kikabaki vilevile. Daktari alisema mapafu yamekakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani, akamshauri apumzike na ale vizuri. Lakini mtaani nani angesikiliza habari za unga mweupe? Miaka ile, mtu aliyetoka mbali akarudi amekonda alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na kila mtu aliujua bila kuutaja. Mama Enesi, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, alisema bombani, ndoo ikiwa kichwani, kwamba ameshakanyaga waya, ndivyo ulivyoitwa Ukimwi kwa mafumbo. Mwenzake akasema lakini huyu alikuwa majini. "Kwani meli haina nyaya?" Mama Enesi akajibu, na wanawake wakacheka hadi maji yakamwagika. Mimi nilikuwa kwenye foleni. Waliponiona walinisalimia, "Kamwene," kwa sauti ya upole kupita kawaida, na upole ule uliniuma kuliko kicheko. Tangu wiki hiyo walioleta chakula walikiacha mlangoni. Ulanzi, pombe ya mianzi, ulipozungushwa kwa wanaume, baba mdogo alitengewa kikombe chake, cha bati, chenye alama ya rangi nyekundu. Alama ile aliichora mwenyewe, kwa uzuri kabisa, ili wasisumbuke kukitafuta.

Bibi hakuamini waya wala unga. Aliamini kwamba kitu kinamtafuta mwanawe, na kinamtafuta kwa jina. Katika ukoo wetu mtoto aliyeugua mfululizo alibadilishwa jina, akapewa jina lisilo na thamani, ili ugonjwa ukija mlangoni kumwita usiitikiwe, uchoke, uende zake. Shangazi yangu mmoja aliitwa Majani kwa sababu hiyo hiyo, na amezeeka vizuri. Ila sijapata kusikia, kabla wala baada, kwamba mtu mzima mwenye ndevu aliwahi kufanyiwa hivyo. Bibi alifanya. Asubuhi moja alichukua viatu vya baba mdogo vya melini, akavipeleka njia panda na kuviacha huko, ishara kwamba Zakayo amesafiri. Kisha akamwambia mwanawe atoke uani kwa mlango wa nyuma, azunguke, aje mbele na kubisha hodi. Alibisha, akiegemea mwimo wa mlango. Bibi akafungua kana kwamba hajawahi kumwona, akampa togwa, akamwita Mgeni. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alisema, na alimaanisha kila neno. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Baba mdogo alilipokea lile jina kwa utani. Aliniambia meli nayo ilifanyiwa hivyohivyo na haikupona, ila usimwambie mama. Lakini alilitumikia kwa uaminifu. Tulimwita Mgeni mezani, Mgeni kwenye sala, na ikawa kweli kwamba kwa siku kadhaa aliamka na nguvu, akakaa juani ukutani, akanichorea kwa mkaa herufi za majina yote manne ya meli. Bibi alianza kuimba tena akitwanga. Nilimwona akipima kwa macho shingo ya mwanawe, kama mtu anayepima ndama aliyenusurika kiangazi. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, avuke baridi ile. Mvua za kwanza zikinyesha, alisema, kifua hulainika.

Kisha Lwidiko akaja kutoka Makambako. Hakuna aliyemwambia lolote, na angeambiwa na nani? Alikuwa amesikia tu kwamba rafiki yake amerudi. Alisimama uani na kuku wa kitoweo kwapani, akaita kwa sauti ya watu wa stendi, "Zakayo! Zakayo wee, umenikimbia miaka yote hii!" Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko. Alinyoosha mkono kumnyamazisha. Lakini kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu aje, sauti ya kijana, baba mdogo aliitika.

"Naam! Nipo!"

Bibi alikaa chini palepale, kwenye majivu. Baada ya Lwidiko kuingia na kukumbatiana naye, na kunywa kutoka kikombe kilekile chenye alama nyekundu bila kuuliza chochote, baba mdogo alitoka uani na kuchuchumaa mbele ya mama yake. Bibi alimwambia neno moja: umeitikia. Alijibu taratibu, pumzi ikimkatika.

"Mama, jina la kwanza la meli ile halikuandikwa kwa rangi. Lilichomelewa kwa chuma. Mimi nimelipaka juu mara tatu, rangi nene. Jua likipiga kwa upande, unalisoma lote."

Alifariki mifyulisi ilipokuwa inatoa maua yake ya waridi, mvua zikiwa bado. Baba alimtengenezea msalaba wa saruji, na kabla haujakauka akachukua msumari na kuchimba ndani yake ZAKAYO, herufi pana, za mwashi. Bibi alipouona alikataa. Hakulia wala kupaza sauti. Alieleza tu, kwa utaratibu, kama mtu anayeelekeza njia: Zakayo amesafiri, viatu vyake viko njia panda, aliyekufa humu ndani ni Mgeni. Ndipo Lwidiko, ambaye nadhani alijua ni sauti yake iliyoita, akachukua brashi za marehemu kutoka kwenye lile sanduku, akapaka msalaba wote rangi nyeupe, nene, akaandika juu yake MGENI kwa rangi nyeusi, herufi zenye kivuli pembeni. Mwinjilisti alipokuwa kaburini akilisoma jina la ubatizo, bibi aliondoka, akaingia jikoni, akakoroga chungu kilichokuwa hakina kitu. Mama Enesi na wenzake walikuja, wakalia kwa sauti kubwa, hawakula.

Bibi aliishi miaka mingi baadaye. Kila aliyetoka Makambako aliulizwa kama hakumwona Zakayo kule stendi, mrefu hivi, ana sanduku la bati. Mwanzo watu walimrekebisha. Baadaye walijifunza kumjibu kwamba hapana, labda basi la kesho.

Leo lami imefika, mashamba ya viazi yamekuwa ya parachichi, na wenye kikombe cha kutengwa hawapo tena. Ugonjwa ule una dawa zake na watu huzimeza wakiongea. Unga mweupe nao una jina, asbesto, na kila mtoto wa shule analijua kwa sababu mapaa yake yameondolewa kwa maneno mengi na barakoa. Ingetosha baba mdogo azaliwe baadaye kidogo. Sisemi angepona. Nasema angekufa kwa ugonjwa wake mwenyewe, na Mama Enesi angekula. Mwaka jana niliitafuta meli kwa simu, kwa lile jina la kwanza. Baada ya yeye kuondoka iliuzwa tena, ikawa hoteli ya wafanyakazi wa mafuta, kisha ukumbi wa kamari, kisha haikuwa na kazi. Picha ya mwisho inaionyesha imelala ubavu kwenye ufuko wa Asia, nusu imeshakatwa, watu wembamba wakibeba mabamba begani, bila barakoa. Sehemu yake ya nyuma jua linaipiga kwa upande. Chini ya rangi za wenye meli wote nilisoma A, L, D, na sehemu ya E. Chuma cha meli kama hizo huyeyushwa kuwa nondo. Huenda kimo katika msingi wa nyumba ya mtu, na mtu huyo amelala juu yake kwa amani.

Mwezi uliopita ukoo uliamua makaburi yote yajengewe vigae, kama ilivyo desturi sasa, na mimi nikapewa kusimamia. Fundi alinipigia simu kutoka Yakobi akiuliza kwenye msalaba huu wa zamani aandike nani, maana ndugu wengine wamemwambia Zakayo na wengine Mgeni. Nilipanda basi nikaenda. Rangi ya Lwidiko imekwisha, mvua zimeila yote, na ndani ya herufi za baba kumeota kuvu ya kijani, kiasi kwamba hata bila jua unasoma kutoka barabarani. Nilimwambia fundi aweke vigae pote, msalaba auache. Akasema utaonekana kama vigae vilituishia. Nikamwambia uonekane hivyo. Kaburi la bibi liko pembeni yake, upande wa miguu ukielekea njia panda, kama alivyotaka mwenyewe. Nilisimama kati ya makaburi hayo mawili hadi basi la kurudi lilipopiga honi, na bado sijui kama siku ile nilimrudishia bibi mwanawe au nilimzika Zakayo wake aliyesafiri.