Walafi wa Kwenye Sahani

Nyumbani walimwita Profesa, kwa utani tu, maana kazi yake maabarani ilikuwa kulisha seli na kuosha vyombo vyao. Seli zenyewe ni wale askari wa mwili wanaomeza vijidudu, na pale kazini waliitwa walafi. Walafi wavivu ajabu! Ukiwaacha hivi hivi wanakaa ubavuni mwa bakteria bila habari nao. Ukiwadondoshea peptidi, vipande vidogo mno vya protini, wanaamka, wanatanuka, wanawafakamia bakteria na kuwasaga tumboni. Profesa aliyaona hayo kwa darubini, akarudi nyumbani hajiwezi kwa furaha, akamhadithia dada yake mkubwa huku akicheka. Hapo ndipo alipojiponza.

Dada huyo, fundi cherehani aliyemlea, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Akapata kidonda mguuni, akalazwa, na bakteria wake wakawa sugu. Kila sindano ikagonga mwamba. Daktari akashauri vidole vikatwe. Dada akagoma katakata, akiingoja dawa ya walafi aliyodhani mdogo wake anaitengeneza kazini, wala hakumwambia neno, asije akamharakisha.

Kwa hiyo Profesa aliyasikia kwa daktari, kwenye korido.

"Wewe ndiye ndugu mwenye dawa?"

Aliingia wodini akamkuta dada anatabasamu, macho kwenye begi lake.

"Umekuja nao?"

"Dada, wale wako kwenye sahani ya maabara. Hata kwa panya hatujajaribu."

"Si ulisema wanakula?"

"Wanakula. Kwenye sahani."

"Kwani mimi mwilini sina walafi wangu?"

"Unao. Sukari imewalegeza."

"Basi wadondoshee hiyo peptidi, baba. Kidogo tu."

Ilikuwa kwenye friji ya kazini, kichupa cha kutia mfukoni. Ingeweza kumwamsha mlafi, ingeweza pia kumuua dada, na hakuna mtu duniani aliyejua ni lipi. Profesa akalia mbele ya wagonjwa wote, mtu mzima na ndevu zake.

"Haya, nyamaza," dada akasema. "Waambie wakate hivyo vidole."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni.

"Vidole ilikuwa wiki iliyopita, mama," akasema taratibu. "Sasa tunakata juu ya goti."

Dada aligeuka akamtazama mdogo wake, akingoja yeye aseme ndiyo au hapana.