Jina Aliloliruka Nyanjige

Nyanjige hakujua kudharau kidogo. Akimdharau mtu, alimdharau pamoja na viatu vyake. Na wiki ile, nyumbani kwa mwanawe Dastan pale Bariadi mjini, kazi ya kudharau ilikuwa nyingi, maana mjukuu wa kike alikuwa amezaliwa na kila mwenye mdomo alikuja na jina.

Wa kwanza alikuwa Flora, mama yake Jenifer, mke wa Dastan. Alikuja kutoka Maswa na begi la magurudumu, akajaa kwenye kochi, akatangaza kwamba mtoto ataitwa Goodness.

"Gudinesi," Nyanjige alirudia taratibu, kama aliyetafuna mchanga kwenye wali. "Namjua mmoja. Ana mgahawa Lamadi. Sato wa juzi anamkaanga tena leo, anaapa katoka ziwani asubuhi."

"Mama Dastan, jina siyo mtu."

"Jina ni mtu, Mama Jenifer. Ndiyo maana hujatuletea Yezebeli."

Dastan, aliyekuwa na duka la dawa za pamba, alisema amekutana na jina zuri kwenye simu, Brianna. Mama yake alimuuliza kama hayo ni mafuta ya kupaka au ya kupikia. Jenifer, kitandani, akajaribu Preshasi kwa sauti ndogo. Akaambiwa kuna Preshasi huko Mwandoya aliyetoroka na mume wa watu akaacha maharage jikoni yanaungua. Kama mwanamke huyo alikuwepo kweli, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ubaya wa jina Nyanjige aliujua kwa kuuvaa. Alizaliwa mwaka ambao nzige walifyeka mtama wote, wakampa jina la nzige, na tangu hapo hajaingia kwenye sherehe bila mpumbavu mmoja kuwaambia watu wafiche chakula. Wapumbavu hao amewazika wengi, na kwenye misiba yao alikula akashiba.

Lakini lipo jina moja alilolitaka, na alilitaka mpaka kifua kikamuuma. Minza, jina la mama yake mzazi. Zamani, alipojifungua binti baada ya Dastan, aliomba mtoto aitwe Minza. Mama mkwe wake, Milembe, hakunyanyua hata macho kutoka kwenye michembe ya viazi vitamu aliyokuwa anaianika. "Ng'ombe wa mahari tulitoa sisi. Jina la kwao halina ng'ombe humu," alisema, kama anayefukuza kuku. Binti akapewa jina la dada yake Milembe, mwanamke mwenye kisirani ambaye hata mbwa wake walimhama. Ndivyo Milembe alivyokuwa. Miaka yote aliyoishi na mkaza mwanawe hakumwita kwa jina, alimwita "yule". Yule kachelewa kisimani. Yule kaunguza ugali. Nyanjige naye hakuwahi kulitamka jina la Milembe, kwa sababu kwenye ukoo ule mke hamtaji mkwe wake. Tofauti ni kwamba yeye aliiita heshima, na ilikuwa chuki.

Sasa Milembe alikuwa kaburini, na Minza angeingia. Nyanjige alikuwa na hakika, maana mtoto alikuwa analia. Alilia tangu kitovu kilipodondoka, akikunja ngumi na kuukataa ulimwengu mzima, jambo ambalo bibi yake aliliona kuwa dalili ya akili.

"Ana gesi," Flora alisema.

"Gesi!" Nyanjige alicheka kwa pua. "Mtoto huyu analilia jina. Yuko marehemu wa ukoo anayetaka kurudi. Tutawataja mmoja mmoja, na atakaponyamaza ndipo tutajua. Mtoto hakosei. Nyinyi watu wa mjini mna shule, lakini mtoto mchanga anawazidi."

Aliyasema hayo kwa kila aliyekuja kusalimia, kwa sauti ya kumfikia Flora popote alipokuwa, hata chooni. Flora akachoka, akasema basi watajwe hao marehemu, watu wapate usingizi.

Mchana ule Nyanjige alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, watu wa nyumba wakiwa wamemzunguka. Akaanza. "Kabula?" Mtoto alilia. Nyanjige hakushangaa, Kabula alikuwa mchoyo wa chumvi. "Limi?" Kilio. Limi alikuwa mmbea, angerudi kufanya nini? Kisha akamweka mtoto vizuri, akampapasa mgongo, akamtikisa polepole, na kwa sauti tamu ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia maishani akaita, "Minza?"

Mtoto alipiga ukelele uliomfanya jirani achungulie ukutani.

"Hajasikia," Nyanjige alisema. "Minza? Minza wangu?" Akaita tena na tena, akimbembeleza, akimpulizia utosini. Mtoto akazidi, akawa mwekundu. Flora alikuwa anatazama dari, midomo ameibana.

Hapo ndipo Machibya, mume wa Nyanjige, alipoingia akitokea kijijini, na dumu la maziwa mkononi. "Mwadila," alisalimia, akaketi, akaelezwa kinachoendelea. Aliuliza walishatajwa akina nani. Akafikiri.

"Umemruka mama."

"Mkwe hatajwi, Baba Dastan. Wewe hujui?"

"Basi mimi si mkwe wake. Nipe." Akampokea mtoto, akamlaza kifuani, uso ukielekea begani, akamgonga mgongoni kidogo. "Milembe," aliita.

Mtoto akanyamaza.

Nyanjige alimwangalia mumewe, akamwangalia mtoto, akaona kabisa lile bega na ule mkono uliogonga mgongo, na neno likamjia mpaka kwenye ulimi. Gesi. Ilikuwa ni gesi tu! Lakini neno hilo alikuwa amelicheka mbele ya mtaa mzima.

"Labda amechoka," alisema.

"Si mtoto hakosei?" Flora aliuliza kwa upole wa kuudhi. "Si anatuzidi sisi wenye shule?"

Jenifer alimhurumia. Alimvuta mkwe wake pembeni akamnong'oneza, "Mama, kama jina hilo linakuumiza, tumwite Goodness, yaishe. Baba hatakataa."

Nyanjige alifikiri. Akamwona Flora anarudi Maswa na ushindi kwenye begi la magurudumu. Akamwona yule wa Lamadi na sato wake. Upande wa pili alimwona Milembe na michembe yake. Alimchukia Milembe kwa moyo wote, lakini angalau Milembe alikuwa mtu. Goodness alikuwa nini?

"Ataitwa hilo alilolitaja Baba Dastan," alisema, na maneno yakamkwaruza kama makapi ya mtama.

Kesho yake asubuhi wengine walikuwa uani wakinywa uji. Nyanjige alibaki chumbani kumwogesha mtoto, maana kazi hiyo hakumwamini nayo yeyote. Mtoto alikuwa amejichafua mpaka mgongoni, na akaanza kulia. Nyanjige alitazama mlangoni. Akavuta pumzi.

"Milembe," alisema. Lilikuwa jina la kawaida tu. Halikumchoma mdomo. "Milembe, nyamaza."

Mtoto alinyamaza, akamkodolea macho.

"Umejinyea, Milembe. Tazama. Mtu mzima mwenye ng'ombe zako." Akachovya kitambaa kwenye beseni. "Na ule ugali sikuuunguza. Uliuunguza wewe, ukanisingizia. Na mama yangu aliitwa Minza. Alikuwa mtu mwema, na hukumjua. Haya, sema sasa. Sema halina ng'ombe."

Mtoto alimsikiliza, macho yake meusi hayapepesi, na Nyanjige akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, maana kilio alikidharau tangu ujana wake.

Jenifer alichungulia mlangoni. "Mama, unaongea na nani?"

"Na mkwe wangu," alijibu bila kugeuka. "Leo ndiyo kwanza ananisikiliza."

Kisha akamgeuza Milembe, akamsafisha, na hakumsugua kwa nguvu kama alivyokuwa amekusudia.