Jiwe la Jikoni kwa Mutindi

Mtafiti wa mawe aliyepanga kwa Mutindi pale Kibwezi, mwaka wa 1974, hakuliamini jiwe kwa sura. Kila aliloliokota alilipasua kwa nyundo, akalitupa ganda, kisha akalamba kipande cha ndani ili chembe zake zing'ae. "Ganda limeshaharibiwa na mvua za huku juu," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Alitafuta jiwe jeusi lenye chembe za kijani, zilizobebwa na volkano ya kale kutoka chini kabisa ya ardhi. Wiki tatu alipanda vilima vya Chyulu, akarudi na vidole vilivyochubuka tu.

Asubuhi moja, kabla Mutindi hajawasha moto, mgeni alipiga magoti jikoni, akafuta masizi kwenye figa moja kwa kidole gumba. Kijani kikang'aa. Siku zote hizo, jiwe lile ndilo lililobeba sufuria ya uji wake. Akainua nyundo.

"Bwana, hilo nilipewa na mama mkwe siku niliyoolewa," Mutindi alisema kutoka mlangoni.

Mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka.

"Basi washa moto, mama," alisema. "Uji utachelewa."

Aliondoka Jumamosi. Tangu hapo Mutindi hawashi moto kabla ya kufuta masizi mahali pale, padogo kama kidole gumba.