Mfalme Aliyepanda Lori

Yafaa nianze na masharti. Jukwaa letu la mtandaoni huwakutanisha wapenzi wa sataranji ya mbao kubwa, yaani mbao zenye miraba mia moja na zaidi, ambazo huwa na kete zisizojulikana katika mchezo wa kawaida. Mwanachama akibuni mchezo, huuweka mbele ya wenzake kwa mwezi mzima, nao huushambulia kwa hoja. Akitokea mmoja akathibitisha kwamba anayeanza hushinda kwa vyovyote vile, mchezo hutupwa wala haurudishwi tena. Ukisalimika, huingia katika mashindano ya mwaka. Utaratibu huu hauna huruma, na ndiyo sababu ninauheshimu.

Mchezo niliouweka jukwaani kutoka Njombe ulikuwa wa kwanza kutoka kwetu. Niliubuni pamoja na mdogo wa mke wangu, mwalimu wa hesabu mjini Makambako, ambaye tulizoea kucheza naye kwa simu baada ya kazi. Kete yetu mpya ilikuwa lori, wazo nililolitoa Lupembe, ambako malori hupita vijijini kukusanya majani ya chai. Lori letu huenda mstari mnyoofu kama ngome. Lakini kabla ya kuondoka laweza kupakia kete yoyote ya upande wake iliyo jirani, kisha likaishusha kando yake lifikapo. Yote hayo huhesabiwa hatua moja.

Muda ukiwa umekaribia kwisha, mwanachama mmoja wa nchi ya mbali, ambaye sikuwahi kuona hoja yake ikipinduliwa, aliandika kwamba mchezo wetu ni mbovu. Anayeanza, alieleza, humpakia farasi, humshusha mahali anapomshambulia mfalme wa mpinzani, na mfalme huyo hana pa kukimbilia. Niliipima hoja hiyo kwa kila njia niliyoijua. Nilijikinga kwa ngome, kwa askofu, hata kwa kumtoa malkia. Kila mara nilifungwa.

Jumamosi nikaenda Makambako nikiwa na ubao wetu kwapani. Shemeji alinipokea kwa kuuliza kama nimekuja kuuzika mchezo au kuota jua tu, maana kwa maoni yake baridi ya Njombe imekwisha kugandisha akili zetu. Nilimwomba akae upande wa kushambuliwa, nami nikayacheza mashambulizi ya yule bwana bila kupunguza lolote. Farasi akashuka. Shemeji akautazama ubao, kisha akamwinua mfalme wake, akampakia kwenye lori lililokuwa jirani, akalisogeza hadi pembeni kabisa na kumshusha mfalme huko.

“Shemeji, mfalme hapandi lori,” nilisema.

“Nani kamkataza? Umeandika mwenyewe, kete yoyote.”

“Lakini huyu ni mfalme.”

“Na mchungaji wetu je? Kipaimara kile cha Lupembe alifikaje?”

Alifika juu ya majani ya chai. Basi lilikuwa limekwama kwenye matope, lori likapita, naye akapanda. Akashuka mbele ya kanisa, akapangusa koti, akaongoza ibada, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mtu hupanda lori lililopo. Yule bwana na mimi tulikuwa tumeisoma kanuni ileile, na wote wawili tukamwacha mfalme asimame palepale na heshima zake akingoja kufungwa.

Sikuridhika upesi. Tulimshusha farasi kila mahali panapowezekana, hadi makande yakapoa mezani. Kila mara mfalme aliondoka na lori, na farasi, akiwa amebaki peke yake, akaliwa. Ndipo nikaandika jibu, hatua kwa hatua, na kulitia sahihi za wawili, jina la shemeji likitangulia.

Baada ya siku kadhaa yule bwana aliandika kwamba amechunguza kila tawi na anaiondoa hoja yake. Akauliza, kwa adabu, kama kwetu wafalme husafiri kwa malori. Nilimjibu kwamba wafalme hatunao, lakini wachungaji husafiri hivyo. Shemeji alipousoma ujumbe ule aliniambia niache kutabasamu kama bwana harusi. Sikuweza.

Mchezo wetu uliingizwa katika mashindano ya mwaka uliofuata, na jukwaani kinga ile huitwa Kinga ya Makambako.