Tanuru Langu la Kalamba

Mume wangu alipokufa, ndugu yake alikuja hata matanga hayajaisha, akaniambia nirudi kwa mama yangu. Shamba la ndugu yake, alisema, haliwezi kukaliwa na mwanamke wa kibanda cha udongo. Nikamjibu, basi nitajenga nyumba ya matofali. Akacheka mpaka akakohoa.

Niliyafyatua mwenyewe hapa Kalamba, maji nikibeba kutoka silanga, bwawa la kijiji. Yalipokauka nikayapanga yakawa tanuru, nikalikandika matope, nikaacha midomo miwili ya kutilia kuni. Kisha nikawasha moto mdogo.

Shemeji yangu akaja kutazama. "Shemeji, unayapikia chai?"

"Karibu kikombe."

"Jaza kuni! Ukibembeleza hivyo Krismasi itakukuta hapa."

Yeye alikuwa amejaza kuni kwenye tanuru lake mwaka uliotangulia. Matofali yalipasuka kama bisi, akabaki na vipande vya kuziba mashimo ya barabara.

Binti yangu, wakati huo kidato cha tano, alikuwa ananipa kuni. Akasema mwalimu wao amewafundisha neno: entropia.

"Ni kipimo cha vurugu iliyo ndani ya kitu, mama. Joto likiingia kwa kitu baridi, vurugu inaongezeka sana. Joto hilohilo likiingia kwa kitu kilicho moto tayari, inaongezeka kidogo tu."

"Basi ni kama tofali," nikasema. "Likiwa baridi lina maji tumboni, ukilishtua linapasuka. Likishakuwa jekundu, tupa gogo zima, halijali."

"Si hivyo hasa, mama. Mvuke una hesabu yake. Lakini ni majirani."

"Ujirani unatosha. Na joto likishatoka, linarudi?"

"Lenyewe? Hapana. Linatoka kwa kilicho moto kwenda kwa kilicho baridi. Kurudi lenyewe, hapana."

Hilo nililipenda.

Nikaongeza kuni polepole mpaka tanuru likawa jekundu ndani, nikaziba midomo. Asubuhi shemeji akaja na sururu, eti tufungue tuone aibu. Upepo wa baridi ungeyapasua yote. Nikaketi mbele ya tanuru, jembe mapajani.

"Gusa," nikamwambia.

Hakugusa.

Nilifungua lilipopoa kabisa, lenyewe. Nikagonganisha matofali mawili, yakalia kama kengele ya kanisa. Moja nikampa shemeji.

"Liloweke majini. Siku likirudi kuwa udongo, na mimi nitarudi kwa mama."

Alilichukua. Mpaka leo liko mlangoni pake, analikanyaga akivua viatu vya matope.