Daftari la Biologie nililomnyima Furaha kabla ya Examen d'État

Wakuu, amahoro.

Naandika kutoka Rumonge, huku Burundi, kwenye ufuko wa Tanganyika. Humu jukwaani mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, nacheka na comment zenu halafu naondoka bila hata kugonga like. Leo nimeamua niseme langu. Yote nitakayoandika yamenitokea mwenyewe, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Nimebadilisha jina tu.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, hakuna ugomvi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mrundi niliyezaliwa Tanzania. Babu alikimbilia huko, baba akakulia huko, mimi nikasoma huko mpaka Form Two. Ndipo familia ikaamua kurudi nyumbani, nyumbani kwenyewe mimi sijawahi kukuona.

Nikaingizwa shule hapa Rumonge nikiwa na Kiswahili cha kumwaga na Kiingereza cha kuombea maji. Kifaransa sikuwa nacho hata cha kuombea hayo maji.

Wenzangu wakanipa jina la "Tanzania". Prof, ndivyo huku tunavyomwita mwalimu wa sekondari, akisema photosynthèse, mimi kichwani natafuta usanisinuru, nikija kuipata yeye yuko ukurasa mwingine. Nikarudia mwaka. Uliofuata nikapita kwa kusukumwa. Nikafika terminale, section ya sayansi, ambayo kwa ndugu zangu wa Bongo ni kama Form Six ya PCB, nikiwa na ndevu kuliko wote darasani.

Baba alikuwa ameacha shamba zuri kule, na la huku likawa na kesi na majirani. Akaniambia hana kingine cha kutegemea ila hiyo diplôme yangu. Alisema kwa upole kabisa, wala hakunitisha. Ningependa angenitisha.

Sasa stori yenyewe.

Kitabu cha Biologie hatukuwa nacho. Kulikuwa na daftari la prof, la zamani, kurasa zimekuwa njano. Utaratibu ulikuwa mmoja: mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri anasimama mbele, ananakili daftari la prof ubaoni, na darasa zima linanakili kutoka ubaoni. Prof mwenyewe anazunguka katikati ya madawati akieleza.

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwalimu wangu wa la tatu kule Tanzania alikuwa hana mchezo na mwandiko, mikono yangu bado inakumbuka fimbo zake. Basi prof akaniona, akanipa chaki, na toka siku hiyo mwaka mzima nikawa mtu wa ubaoni.

Ila fikirieni kidogo. Anayeandika ubaoni hana nafasi ya kuandika kwenye daftari lake.

Nilipomweleza prof, akaangalia dawati la mbele nilipokuwa nakaa, akamwambia jirani yangu awe ananiandikia. Jirani yangu alikuwa Furaha.

Furaha ni Mkongomani. Wazazi wake walitoka Fizi, upande wa pili wa ziwa, wakavuka naye akiwa mdogo. Baba yake mvuvi, mama yake anauza samaki pale bandarini. Alikuwa na maneno machache na kicheko kifupi ambacho kilikuwa kinanikata maini. Hakulalamika hata kidogo. Alichukua daftari langu akaniambia, "Weye andika kule, mi nitakuandikia huku."

Ikawa hivyo. Darasani anaandika kwenye daftari langu. Mchana anaondoka nalo, anakwenda kujinakilia lake nyumbani, asubuhi ananirudishia. Yaani kila somo la Biologie la mwaka ule Furaha aliliandika mara mbili, mimi nikaliandika mara moja kwa chaki na likafutwa.

Daftari langu lote ni mkono wake. Herufi zimelalia kushoto, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu, na michoro ya neuron na ya figo utadhani imepigwa chapa.

Niwape kisa kimoja. Siku moja nilisoma vibaya mwandiko wa prof, nikaandika ubaoni kwamba gamètes, yaani chembe za uzazi, zinatengenezwa na mitose. Ni méiose, wenye Biology yenu mnajua. Watu zaidi ya sitini wakanakili mitose. Interro, yaani jaribio la darasani, ikaja, darasa likaanguka kama maembe kwenye upepo. Mimi nikapata hilo swali.

Nikashangaa, maana nilisoma kwenye daftari langu na aliyekosea ni mimi. Kumbe Furaha alikuwa ameona kosa, akaandika sahihi, na hakusema kitu asije akaniaibisha mbele za watu. Prof alicheka mpaka akakaa. Wenzangu waliniwinda wiki nzima.

Kisa kingine. Tulipofika kwenye mfumo wa hewa wa samaki, Furaha akaona michoro haitoshi. Tukaenda kwa mama yake bandarini, akachukua samaki mmoja wa mukeke kwenye beseni, akainua kifuniko cha shavu kwa kidole na kuanza kunihesabia matamvua, moja, mbili, tatu, nne. Mama yake akageuka. "Wee Furaha, hiyo samaki ni ya kuuza, hapana ya kusoma." Tukamrudisha samaki haraka. Vidole vyetu vilinuka mpaka jioni, na mimi sikutaka kunawa.

Mmeshaelewa. Nilikuwa nampenda. Sikumwambia, na wala sikujiambia mwenyewe kwa maneno. Nilijua tu kwamba siku isiyokuwa na Biologie kwenye ratiba ilikuwa siku mbovu.

Mwisho wa mwaka ukafika. Prof alikuwa amechelewa na programu, akaanza kukimbiza. Génétique na évolution tuliziandika kwa siku chache, masaa mawili mawili, chaki inaniingia puani. Furaha aliandika kwenye daftari langu, na muda wa kujinakilia lake haukupatikana. Tukafunga kwa ajili ya révision. Sura mbili za mwisho zikawa kwangu tu.

Mtaniambia angeweza kuazima kwa mwingine, darasa lilikuwa limejaa. Na mimi nilijiambia hivyo hivyo. Shikeni hapo.

Siku ya kufunga alinisubiri kwenye geti. Akasema, "Dimanche kiisha kanisa, ukuje kwetu. Ulete na kaye."

Yaani Jumapili baada ya kanisa, na kaye ni daftari. Nikamwambia nitakuja.

Nikapanda baiskeli, nikaenda Minago kwa baba mdogo, ambaye ana michikichi na nyumba yenye utulivu, nijifungie kusoma. Na kule, wakuu, woga ukanipanda. Génétique ilikuwa hainiingii. Kila nikilifungua lile daftari naona sijui kitu. Nikafikiria nikimpa Furaha atakaa nalo siku mbili, labda tatu, na mtihani huo hapo. Nikamfikiria baba na upole wake.

Jumapili ikafika. Watu wakatoka kanisani, nikawaona wanapita barabarani na nguo zao nzuri. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa ukutani, matairi yamejaa upepo. Sikuwa mgonjwa, mvua haikunyesha, hakuna aliyenituma popote.

Nilikaa chini ya mchikichi na lile daftari kwenye magoti, nikasoma herufi zake mpaka jua likageuka. Sikwenda.

Naomba msinitafutie sababu. Nilitaka kufaulu, na niliona kama hatutoshi wawili, bora nitoshe mimi.

Wiki ya Examen d'État, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, tulikutana uani kwa shule. Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu baiskeli. Hakuniuliza habari ya daftari. Alinisalimia, akanitazama kidogo, akaniambia nisome swali mara mbili kabla sijajibu kwa sababu Kifaransa changu kina haraka. Halafu akaingia chumba chake, na mimi changu. Siku zote zilizobaki nilipita njia ya nyuma ili tusigongane.

Mtihani ulipoisha nikasherehekea na wenzangu. Nilipopata ujasiri wa kwenda kwao, nikakuta watu wengine wanaishi mle ndani. Mama mmoja akaniambia hao Wakongomani wamevuka, wamerudi kwao.

Matokeo yakatoka. Nimefaulu, tena Biologie ndiyo iliyonibeba. Nikatafuta jina la Furaha kwenye orodha ya shule yetu, juu mpaka chini, chini mpaka juu. Halikuwepo.

Baba alichinja mbuzi. Nilikula nyama ile kama natafuna kamba ya katani.

Miaka imepita. Leo ni fundi wa maabara kwenye zahanati moja upande wa Kigwena, kazi yangu ni kuangalia malaria kwenye darubini. Kazi naipenda. Lakini kila kitu ninachokijua kuhusu chembe ya damu nakikumbuka kwa mwandiko uliolalia kushoto. Nikifumba macho naona mstari mwekundu. Nina mke, ni mwema, anajua habari hii yote, na ndiye aliyenishauri niandike. Lakini hamu ya mtu uliyemkosea haina adabu, inakuja hata ukiwa mezani na wanao.

Miaka yote hiyo nilikuwa na maneno nimeyaweka tayari. Nikimwona nitamwambia hivi na hivi. Nilikuwa nayafanyia mazoezi nikiwa peke yangu barabarani.

Mwezi uliopita nilikwenda bandarini Rumonge kununua ndagala, dagaa wa huku kwetu. Nikasikia mtu anaita, "Tanzania!"

Hakuna anayeniita hivyo tena. Nikageuka, na ni yeye. Amenenepa kidogo, kitenge cha kijani, mtoto amelala mgongoni. Alikuwa amevuka kuja kumsalimia shangazi yake na alikuwa anangoja boti ya kurudi. Akaniambia anaishi Baraka, kule Kongo, mume wake anaunda mitumbwi, yeye anauza dagaa na ana watoto wawili. Alinieleza akicheka kile kicheko kifupi.

Nikaona nisipoongea sasa basi tena. Nikayatoa maneno yangu yote pale pale, katikati ya mabeseni. Kwamba nilimnyima daftari kwa makusudi. Kwamba alianguka kwa sababu yangu, na mimi nikala kwa kalamu yake. Nikaomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Ile kaye? Si miye niliandika? Unafikiri mukono iliandika, kichwa ikalala? Ile yote nilikuwa nayo. Nilianguka juu ya Chimie."

Nikamuuliza, sasa daftari alilitakia nini?

Akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Kaye ilikuwa ya kuambia mama. Ningesema ukuje tu, angeuliza ya nini. Papa alikuwa ameshasema tunavuka kiisha examen. Nilitaka weye ukuje. Nilikungojea."

Nilimwambia mtoto amefanana naye. Basi. Hicho ndicho nilichopata kusema.

Boti ikaita abiria. Akanipa mkono, akasema nimsalimie mama watoto, akateremka kupanda boti. Alipokaa aligeuka mara moja akapunga, kisha akaanza kumnyonyesha mtoto. Nikasimama pale na mfuko wa ndagala mpaka sikuweza kuitofautisha boti yake na nyingine.

Nilichojifunza ni kidogo lakini kimenigharimu. Nilibeba kosa la daftari miaka yote kwa sababu lilikuwa jepesi kubeba, lilikuwa na jina, lingeweza hata kurekebishwa kwa kukaa chini na kunakili sura mbili. Hili la kweli sina pa kulipeleka. Vijana mnaosoma humu, mtu akikwambia uje na kitu fulani, nenda. Hata hicho kitu usiwe nacho, wewe nenda.

Na sijutii familia yangu, nisieleweke vibaya. Naikumbuka tu ile Jumapili kama mtu anavyokumbuka nyumba aliyoipita bila kupiga hodi.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kunichamba anichambe, nimekuja nimejiandaa. Aliyewahi kumkwepa mtu kwa hofu ya kuombwa kitu, naye aandike hapa chini nisijione niko peke yangu.

Swali moja tu nawaomba msiniulize, alinisubiri mpaka saa ngapi. Nilikuwa naye pale, mkono wake kwenye mkono wangu, na sikumuuliza.