Vidole Viwili vya Tope

Baba yangu alikuwa mlinzi wa geti la mvua. Nikiwaambia hivyo watoto wa siku hizi wanadhani nawatania, maana mvua haina geti. Kwetu ilikuwa nalo. Lilikuwa gogo refu la mkaratusi lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, upande mmoja limefungiwa ndoo ya mawe ili liinuke kwa urahisi, upande wa pili lina mnyororo na kufuli. Mvua ikinyesha baba analishusha na kulifunga, na hakuna lori linalopita mpaka yeye aseme barabara imekauka.

Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka getini, chini ya kilima cha mawe, kwenye barabara itokayo Suguti kwenda Musoma. Nyuma ya kilima kuna ziwa. Mbele kuna mbuga, yaani bonde la udongo mweusi, mwendo wa nusu saa kwa miguu mpaka darajani. Ukishavuka daraja barabara inapanda kwenye changarawe na shida yako imekwisha. Kwa hiyo shida yote ya barabara ile ilikuwa mbuga, na kazi yote ya baba ilikuwa kujua mbuga imeamkaje.

Aliijua kwa spoku ya baiskeli. Unakwenda mpaka katikati ya mbuga, unachagua pale magurudumu yanapokanyaga, unaichoma spoku kwa mkono mmoja bila kutumia nguvu. Ikigota kwenye udongo mkavu unaichomoa, unahesabu kwa vidole ile sehemu iliyoshika tope. Vidole viwili, lori linapita. Vitatu, Land Rover tu. Vinne, hata mwenye baiskeli anaibeba begani. Sijui nani alitunga sheria hiyo. Nilimuuliza baba mara nyingi, akasema aliikuta.

Nilimuuliza mengi. Kwa nini mvua ya mawe inapiga upande wetu wa kilima na kuruka upande wa pili? Kwa nini udongo mweusi ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na ule mwekundu wa vichuguu haupasuki? Kwa nini radi inaonekana kwanza ndipo isikike? Baba hakuwa na majibu, ila hakunifukuza. Alikuwa akiniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na kumfukuza mama yako ni vigumu. "Mama, maswali yako yataziba ziwa," ndivyo alivyosema, kisha ananipa spoku niende nikapime. Tangu darasa la tano nilikuwa napima mimi. Nikirudi na kusema vitatu, anaandika vitatu kwenye daftari lake bila kuniuliza mara ya pili.

Baba alikuwa mkaidi. Naomba lieleweke hilo kabla sijaendelea, kwa sababu nami nimeupata ukaidi huo na nimeutumia vibaya. Siku moja alikuja mkubwa mmoja wa mkoani, ndani ya gari jipya, mbuga iko vidole vinne. Dereva akapiga honi. Baba hakuinuka kwenye kigoda. Mkubwa akashuka mwenyewe.

"Mzee, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana," baba akasema. "Shida ni mbuga. Yenyewe haikujui."

Mkubwa alilala kwetu, akala ugali wa muhogo na samaki, asubuhi akapita. Mama alilisimulia jambo hilo sokoni miaka mingi, kila mara ugali ukiongezeka.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, baada ya vita. Sabuni ilikuwa habari. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi na muuza duka aliyesinzia. Kitu pekee kipya nyumbani kwetu kilikuwa gambuti za baba, buti nyeusi za mpira alizopewa na idara ya barabara, na alishaambiwa kwamba zikitoboka hakuna nyingine. Alizivaa siku za mvua tu. Siku nyingine zilisimama mlangoni, zimejazwa nyasi zisilegee.

Mwaka huo nilifaulu darasa la saba. Shuleni kwetu tulifaulu wawili, na msichana nilikuwa mimi peke yangu. Barua ilisema niripoti shule ya sekondari ya bweni, Musoma mjini, mwisho Jumamosi saa kumi jioni. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Mama aliniambia nimsomee sentensi hiyo mara mbili. Hakuwa na haja, maana hata mbuzi wetu walishaijua.

Tulipanga nisafiri Alhamisi. Alhamisi mchana ziwa likageuka rangi, upepo ukaruka kilima, mvua ya mawe ikatupiga mpaka bati likawa linalia kama ngoma. Baba akashusha geti. Ijumaa asubuhi nikapima, vidole vinne. Ijumaa mchana likafika lori la mfanyabiashara, limejaa muhogo mkavu kwenda Musoma, likasimama getini. Dereva na utingo wake wakawasha moto wakapika chai. Nami nikawa nimekaa juu ya tranka langu, nalitazama lile gogo kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu.

Jioni mama hakuvumilia.

"Wewe baba, hilo geti lako ndilo litakalosoma kidato cha kwanza?"

"Kesho asubuhi atapima," baba akasema. "Vikiwa viwili anapanda lori. Vikizidi, mimi sina mbuga nyingine ya kumpa."

"Watu wengine wanapitishaga watoto wao."

"Watu wengine si walinzi wa geti."

Usiku ule haikunyesha. Nililala na matumaini, na kulipopambazuka nikachukua spoku nikashuka mbugani peku. Nilichoma pale pale magurudumu yanapokanyaga. Vidole vinne. Nikasogea hatua kumi, vinne. Nikasogea tena, vitatu na nusu. Nilisimama kwenye tope, nikalia kwa sauti, maana hakukuwa na wa kunisikia isipokuwa korongo wawili waliokuwa wakitafuta vyura.

Kando ya barabara palikuwa na kichuguu kikubwa. Nilikuwa nimeshakichunguza mara nyingi, ndiyo tabia yangu. Nilijua kwamba maji hayakai pale. Nikapangusa spoku kwa majani mpaka ikang'aa, nikapanda kichuguu, nikaichoma ubavuni. Ikagota mapema. Nikaichomoa. Vidole viwili, safi kabisa, wala sikuwa nimeongeza wala kupunguza. Njia nzima ya kurudi nilijiambia kwamba sijadanganya. Nimepima, na kipimo ndicho hiki.

Baba alikuwa getini, dereva amesimama karibu yake.

"Vingapi, mama?"

"Viwili."

Akanyoosha mkono nikampa spoku. Kwa kawaida hakuitazama. Siku hiyo aliitazama. Alifuta tope kidogo kwa kidole gumba, akalisugua na kidole cha shahada, polepole, kama anayeonja unga. Halafu akaingia ndani.

Alitoka na gambuti.

"Vaa."

"Zako hizi, baba."

"Nimesema vaa."

Nikavaa. Akamwambia dereva ashushe nusu ya magunia, ayaache kwetu. Akaleta koleo lake la kazi na mbao mbili za kitanda, akavitupa ndani ya lori. Dereva akamtazama, akatabasamu kwa mashaka.

"Mzee, si mtoto amesema njia ni nzuri?"

"Unapita au hupiti?"

Mama alinishika kichwa, akaniombea kwa lugha ya nyumbani, haraka haraka. Baba alifungua kufuli, akainua geti, akasimama akiwa ameshika gogo, miguu mitupu kwenye maji. Alichosema ni kwamba nikifika nisalimie watu.

Lori lilikwama katikati ya mbuga. Halikuchukua hata dakika kumi. Lilizama mpaka ekseli, likalala upande, dereva akashuka na maneno ambayo sitayaandika. Tulichimba kwa koleo, tukaweka mbao, likasogea hatua tatu likazama tena. Jua likapanda. Mwishowe dereva, ambaye kwa kweli alikuwa mtu mwema, akaniuliza shule wanafunga saa ngapi. Nilipomwambia, akanitwika tranka kichwani. "Nenda, dada. Wewe una buti."

Nilivuka mbuga iliyobaki na gambuti za baba zikinifika magotini, kila hatua tope likizivuta, nami nikizivuta kwa mikono. Peku nisingefika, nawaambieni, maana chini ya tope lile kuna miiba ya migunga. Ng'ambo ya daraja nikapata trekta, baada ya trekta gari la misheni. Tulipita Kitaji, mjini tayari, jua limeanza kulegea. Saa kumi kasoro dakika chache mwalimu mkuu aliweka alama mbele ya jina langu, kisha akainama kutazama miguu yangu.

"Wewe umekuja kusoma au kulima?"

Wasichana walicheka. Kwa miaka minne jina langu shuleni likawa Gambuti.

Likizo ya kwanza niliporudi, getini palikuwa na mtu mwingine. Mama alinieleza huku akichambua dagaa, bila kuniangalia. Lori lilikaa mbugani siku tatu. Makorongo liliyoyachimba yalijaa maji, barabara ikafungwa wiki kadhaa, akaja bwana mkubwa wa barabara na kutaka daftari. Baba alikuwa ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kulala: vidole viwili. Bwana mkubwa akauliza nani alipima. Baba akasema amepima yeye mwenyewe. Wakamwondoa getini, wakampeleka upande wa Bunda kupasua kokoto. Huko hakuwa na gambuti, na idara haikuwa na nyingine. Alipasua mawe akiwa amevaa katambuga za matairi, na kabla mwaka haujaisha jiwe likamponda kidole cha mguu wa kushoto. Kilikatwa.

Nilikuwa na aibu ya kunitosha mimi na kijiji kizima. Lakini ndani ya aibu kulikuwa na swali, nami swali haliniachii. Ikiwa aliamini vidole viwili, koleo lilikuwa la nini? Mbao zilikuwa za nini? Mtu anayeona njia imekauka anampa mtoto wake buti zake pekee ili iweje? Na kama hakuamini, yule mkaidi aliyemlaza mkubwa wa mkoa kwa ugali wa muhogo, kwa nini aliinua lile gogo? Nililigeuza swali hilo darasani, chuoni, na baadaye nikiwa nafundisha jiografia na kuwaeleza watoto wa watu habari za udongo. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo peke yake sikuuliza. Niliogopa jibu lolote kati ya yale mawili.

Miaka ikapita, biashara ikafunguliwa. Sabuni ikawa nyingi mpaka ikatangazwa redioni. Yakaja mabasi ya watu binafsi yenye maandishi ya Mungu mbele na muziki nyuma, yakipita mvua ikinyesha au isinyeshe, kila mtu na bahati yake. Baba alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Geti liling'olewa, na gogo jirani yetu akalifanya mlango wa zizi.

Masika moja nilipanda basi kwenda kuwasalimia wazee. Lilikwama mbugani, hatua chache kutoka kwenye kile kichuguu. Tulisukuma, tukashindwa, nikavua viatu nikamaliza safari kwa miguu. Kichuguu nilikitazama nilipopita. Kilikuwa kimenyeshewa, chekundu kama tofali bichi, na huku pande zote ni weusi mtupu. Nilisimama hapo muda mrefu, abiria wengine wakanipita. Mwalimu wa jiografia mzima!

Baba alikuwa ameketi barazani, mguu wa kushoto ameunyoosha. Aliona tope langu la mpaka magotini akatikisa kichwa.

"Vingapi?"

"Vinne," nikasema. Nikapiga magoti kumwamkia, na nikiwa bado chini nikashindwa kujizuia. "Baba, siku ile ulijua?"

Hakuuliza siku gani.

"Mbuga hii imeanza lini kuwa na udongo mwekundu?"

Nililia pale chini, mtu mzima na ajira yangu.

"Sasa mbona ulifungua?"

"Ulikuwa hujawahi kunidanganya hata mara moja," akasema. "Nikajua kama umefikia hapo, basi huwezi kubaki."

Mama aliita kutoka jikoni kuuliza ni nani amekuja. Baba alikuwa anaitazama miguu yangu.

"Kitu kimoja nimekuwaga nakiwaza nikiwa kule kwenye mawe, mama. Zile gambuti. Zilikutosha?"

"Hapana, baba. Zilikuwa kubwa sana. Nilikuwa najaza maganda ya mahindi."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia niingie ndani nikanawe miguu, upepo umeshageuka, na mvua ilikuwa inarudi.